Mama Halali: Tafakuri Kuhusu Usingizi, Unene na Uzee

Kwa takriban miaka 3 nimekuwa nikimlaumu mama yangu kwa kosa ambalo hakulitenda. Nayaandika haya hadharani kwa sababu naamini wengi wenu mnaonisoma, muwe wanafunzi, wanaharakati au watumishi wa umma, mnaye mzazi au mlezi kijijini ambaye mnamlaumu vivyo hivyo, tena kwa nia njema kabisa.

Mama ana umri wa miaka 73. Anaishi Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika nyumba ileile aliyoijenga na marehemu baba kwa fedha za kahawa. Ukiiacha barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi na kuanza kupanda, unapita katikati ya migomba na mibuni, hewa inabadilika, na ikifika Julai ukungu hushuka hadi mlangoni. Miaka 3 iliyopita mama alianza kunenepa, hasa tumboni, ilhali mikono na miguu yake ilikuwa ikikonda. Baadaye sukari nayo ikaanza kupanda. Kliniki aliyokwenda ilimpa ushauri ambao sote tunaujua: punguza wanga, punguza sukari kwenye chai, fanya mazoezi. Mimi nikajiteua kuwa msimamizi wa ushauri huo kwa njia ya simu. Kila usiku, nikishamaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, nilimpigia kutoka Dar es Salaam, na baada ya shikamoo na marahaba swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: "Leo umekula nini, mama?"

Alinijibu kwa unyenyekevu ambao sasa unanitia aibu. Alinitajia ndizi chache, maharage kidogo, chai moja isiyo na sukari. Nami sikumwamini. Nilidhani anaficha machalari na loshoro kama mtoto anavyoficha peremende. Majirani, kwa upande wao, waliuona unene ule kwa jicho tofauti: kwao ulikuwa sifa yetu. "Wanao wanakutunza," walimwambia wakitoka ibadani. Kwa hiyo mama aliishi kati ya hukumu mbili, moja ya pongezi na nyingine ya lawama, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumuuliza analala vipi.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa falsafa, ingawa pale kijijini tofauti hiyo haijawahi kukubalika. Kila nikifika, shangazi zangu huniletea vidonge vyao niwaeleze matumizi yake. Ninachoweza kufanya ni kusoma kwa makini na kuuliza maswali. Na swali lenyewe nilikutana nalo kwa bahati.

Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, nilikaa nyumbani majuma 3 mfululizo kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Usiku wa pili niliamka saa 8 kwenda msalani. Nikaona mwanga jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunika kitenge na sweta, tochi mapajani, anasikiliza.

"Mama, mbona hujalala?"

"Nimelala, baba. Nimeshaamka."

"Umelala saa ngapi?"

"Nilipomaliza kuongea na mdogo wako."

Mdogo wangu wa kike anafanya kazi za ndani Muscat. Wanawe wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 9, wanalelewa na bibi yao. Simu yake huja waajiri wake wakishalala, na kwa saa za kwetu hiyo ni saa 6 usiku. Mama humsubiri. Hawezi kulala kabla hajasikia sauti ya mwanawe aliye ng'ambo, na mzazi yeyote atamwelewa.

Kwa mazoea ya kazi yangu, nikachukua daftari. Niliandika kwa usiku 9. Saa 4 kasoro, mama anasinzia kwenye kiti. Saa 4, simu ya mwanawe wa Dar es Salaam. Msomaji atakumbuka nani huyo. Kwa majuma hayo 3 nilikuwa naye nyumba moja, lakini alisubiri saa 4 vilevile, kwa sababu mwili ulishazoea. Saa 6, simu ya Muscat. Saa 8, anaamka kwenda haja ndogo. Saa 9, mbwa wakibweka anatoka na tochi kwenda kwenye banda la ng'ombe, kwa kuwa mtamba wa jirani aliibwa mwaka uliotangulia. Saa 11 kasoro alfajiri anakamua, maana mchukua maziwa hupita saa 12. Katika siku hizo 9 hakuna usiku hata mmoja uliofikisha saa 6 za usingizi. Siku nyingi zilikuwa saa 4 na nusu, tena zilizokatwa vipande vitatu.

Ndipo nikarudi kwenye usomaji. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa nchini Marekani ulioongozwa na Sanjay Patel, uliowahusisha wanaume 3,055 na wanawake 3,052, wote wakiwa wazee wa miaka 67 na kuendelea. Ubora wa utafiti huo ni kwamba wazee hawakuulizwa tu wanalala saa ngapi, jambo ambalo wengi wetu hulikosea. Walivalishwa mkononi kifaa mithili ya saa kinachorekodi mwendo wa mwili usiku kucha. Waliolala chini ya saa 5 walilinganishwa na waliolala saa 7 hadi 8. Uwiano wa uzito na urefu wa wanaume waliolala kidogo ulizidi kwa wastani wa 2.5, na wa wanawake kwa 1.8. Kwa mwanamume mwenye urefu wa mita 1.7, hiyo ni kama kilo 7. Aidha, mafuta yao yalikuwa mengi zaidi na yalielekea kukusanyika tumboni. Matokeo hayo yalibaki hata watafiti walipozingatia maradhi mengine, yakiwemo matatizo ya kukatika pumzi usingizini.

Nikasoma na kusimama. Tumboni. Ndiko mama alikonenepea.

Hata hivyo, mwanataaluma hana budi kujizuia. Vitu viwili kuonekana pamoja si hoja kwamba kimoja kimezaa kingine. Yawezekana unene ndio unaoharibu usingizi. Yawezekana ugonjwa wa tatu unaleta vyote viwili. Kisukari chenyewe humwamsha mtu kwenda haja usiku. Kwa sababu hiyo majaribio yana uzito wake, japo huwa madogo. Mwaka 2004 Karine Spiegel na wenzake, Chuo Kikuu cha Chicago, waliwalaza vijana 12 saa 4 tu kwa siku 2 mfululizo. Ikilinganishwa na pale walipopewa saa 10 kitandani, homoni ya leptini, inayouambia ubongo kuwa tumeshiba, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, inayoleta njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Vijana wale walitamani zaidi vyakula vitamu na vya wanga. Kumbe mtu anaweza kuwa na njaa ya usiku asioulala, nasi tukamwita mlafi.

Jaribio lililonigusa zaidi ni la mwaka 2010, la Chicago vilevile. Watu 10 wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa siku 14, mara moja wakipewa saa 8 na nusu za kulala na mara nyingine saa 5 na nusu. Katika vipindi vyote viwili walipungua uzito uleule, takriban kilo 3. Lakini walipolala vya kutosha, karibu nusu ya uzito uliopotea ilikuwa mafuta. Walipolala kidogo, mafuta yaliyopotea yalipungua kwa asilimia 55, na mwili ukapoteza zaidi nyama na misuli. Tafakari maana yake kwa mzee. Uzee wenyewe tayari hupunguza misuli na kuyasogeza mafuta tumboni, hata mzani usipobadilika. Ukimwambia mzee asiyelala apunguze kula, unaweza kumwondolea misuli ya miguu inayomsaidia kusimama na ukamwachia kitambi kilekile. Hao 10 hawakuwa wazee, na kumi ni wachache. Sidai zaidi ya hapo. Ila nilikumbuka mikono na miguu ya mama ilivyokonda, na nikaukumbuka ushauri wangu wa simu.

Msomaji makini ataniuliza: mbona wapo watu wanaolala kidogo na hawanenepi? Swali hilo lina jibu mkoani kwetu. Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, upande wa Karatu na Mbulu, walikuwa miongoni mwa jamii 3 zilizopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nyingine zilikuwa za Namibia na Bolivia. Ilibainika kwamba watu wa jamii hizo hulala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, yaani si zaidi ya mkazi wa mjini, na bado ni wembamba na wenye afya. Wao hutembea mwendo mrefu kila siku, hula vyakula vya porini, na usingizi wao hufuata ubaridi wa usiku badala ya kelele za simu. Kwa mantiki hiyo, idadi ya saa peke yake haielezi kila kitu. Usingizi mfupi wa mtu anayetembea siku nzima si sawa na usingizi uliokatwakatwa wa mtu anayeketi mchana kwa sababu magoti yanauma.

Utafiti mwingine kwa Wahadzabe, uliochapishwa mwaka 2017 na David Samson na wenzake, akiwemo Profesa Audax Mabulla, ndio ulionikosesha mimi mwenyewe usingizi. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati wowote wa usiku, zaidi ya theluthi moja walikuwa macho au wamesinzia kidogo. Hakuna aliyepangwa zamu. Umri ndio uliopanga: vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kulala na kuwahi kuamka. Watafiti wakapendekeza kwamba usingizi mwepesi wa wazee huenda si ugonjwa. Huenda ni urithi wa kale wa binadamu, ambao kwa huo babu na bibi walikuwa walinzi wa wengine.

Niliposoma hayo nilifurahi kwa muda mfupi. Nikasema, basi mama ni mlinzi, ndivyo alivyoumbwa. Kisha nikafunga kitabu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujitetea. Kule Eyasi mzee akiamka saa 9, kijana ndiyo kwanza amelala, na kuna watu 20 wanaomzunguka. Zamu inagawanyika. Pale Nkoaranga kambi nzima imeondoka. Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Muscat, kaka yetu mkubwa yuko Mwanza. Zamu zetu zote tumemwachia mtu mmoja wa miaka 73, halafu tunampigia simu usiku kumuuliza kwa nini ananenepa.

Nilimuuliza kwa nini asimuuze ng'ombe apumzike. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekuja kwenye semina bila kusoma.

"Nikimuuza, nitaomba hela ya chumvi kwako?"

"Nitakutumia, mama."

"Unanitumia, baba, na Mungu akubariki. Lakini unanitumia ukikumbuka. Huyu ananipa kila asubuhi."

Hapo ndipo suala la usingizi linapokuwa suala la siasa. Ng'ombe yule ndiye pensheni ya mama. Alilima kahawa na kulea watoto maisha yake yote, lakini hakuwahi kuajiriwa, hivyo hana mfuko wowote unaomtambua. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi bila kujali aliwahi kuajiriwa au la. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na tarehe. Kwetu Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa mwaka 2003, inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na imezaa madirisha ya wazee katika hospitali zetu. Pensheni kwa kila mzee hatujaifikia. Mzee asiye na pensheni hulinda alichonacho, na ulinzi hufanyika usiku.

Kuna jambo jingine linalowahusu watumishi wa umma moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64. Ulitufunza mengi, ikiwemo kwamba takriban mmoja kati ya watu wazima 4 alikuwa na uzito uliozidi. Lakini mtu wa umri wa mama yangu hakuwamo. Tunajua zaidi kuhusu usingizi na mafuta ya wazee wa Marekani kuliko wa Meru, na ndiyo maana ushauri tunaowapa wazee wetu mara nyingi ni ushauri wa watu wa makamo uliosogezwa mbele.

Sasa nieleze tulichofanya, kwa kuwa tafakuri isiyofika nyumbani haina faida. Kwanza, nilimsindikiza mama hospitalini na kuuliza jambo ambalo halikuwahi kuulizwa: vidonge vyake vinamezwa saa ngapi? Ikabainika kwamba kidonge kimoja cha presha, kile kinachotoa maji mwilini, alikuwa akikimeza akienda kulala, kwa kuwa aliamini dawa zote ni za usiku. Daktari alimhamishia asubuhi, na safari za saa 8 zikapungua. Asibadilishe mtu dawa kwa kunisoma mimi. Amuulize daktari wake. Pili, tuliweka taa na mlango wa chuma kwenye banda, na mwenyekiti wa kitongoji akakubali njia yetu iingizwe katika mzunguko wa ulinzi shirikishi. Tatu, mpwa wangu wa miaka 15 alijifunza kukamua, na siku zisizo za shule sasa anakamua yeye. Nne, mdogo wangu tulizungumza naye kwa muda mrefu. Alilia. Alisema saa 6 ile ndiyo saa pekee ambayo ni yake. Tukakubaliana kwamba Ijumaa, siku yake ya mapumziko, apige mchana na kuzungumza atakavyo, na siku nyingine atume ujumbe wa sauti ambao mama atausikiliza asubuhi.

La tano lilikuwa langu peke yangu. Nilihamisha simu yangu kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 jioni. Haikunigharimu chochote. Kwa miaka 3 nilikuwa nikimpigia saa iliyonifaa mimi, nikauita mwenendo huo kujali.

Ningependa kuhitimisha kwa kusema kuwa mama amepungua kilo kadhaa. Hajapungua. Mzani wa Juni mwaka huu ulionyesha uzito uleule, na sukari imeshuka kidogo tu. Anakaribia saa 6 za usingizi katika siku nzuri, nazo si siku zote. Mbwa bado wanabweka, na Muscat bado ni mbali. Kilichobadilika ni kwamba sasa mchana anatembea hadi kwa dada yake na kurudi, jambo aliloliacha kwa uchovu. Nilipomuuliza anajisikiaje, alisema, "Siku hizi naamka nikiwa mtu."

Nami nimebadilisha swali langu. Baada ya marahaba, simuulizi tena amekula nini. Namuuliza amelalaje, kisha nanyamaza nisikilize jibu, kwa sababu jibu la swali hilo mara nyingi hunihusu. Kwa wauguzi na madaktari wanaonisoma: swali hilo halihitaji kipimo wala bajeti, na lingeweza kuulizwa kwenye kila dirisha la wazee kabla ya kumwambia mzee apunguze ugali. Kwa watunga sera: fikirieni mzee anayeamka saa 9 kulinda ng'ombe, na mjiulize ni nini kingemruhusu alale. Na kwa wanafunzi wangu, ambao najua mnapiga simu nyumbani usiku wa manane vifurushi vinapokuwa rahisi: kabla hamjabonyeza, tazameni saa.